Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Najua mna haraka. Haraka ya kwenda wapi sijui, maana kila nikiwaona mmekaa. Mimi shule niliionja tu, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, kisha vita vikatuvusha mpaka Uganda. Kiswahili changu nilikiokota huko, kambini na sokoni, kwa wachuuzi na kwa askari wa vizuizi vya barabarani. Kwa hiyo msitegemee maneno ya mapambo. Mjukuu wangu ananisahihishia herufi, na nimemwambia aishie hapo hapo kwenye herufi, maneno ayaache nilipoyaweka.

Nataka kuwasimulia siku ambayo shule yetu ya hapa Sherikat, pembeni mwa Juba, ilitengeneza usiku, asubuhi.

Mjukuu huyo alikuwa darasa la saba. Mama yake ni binti yangu, mfanyabiashara. Huenda Nimule, huvuka mpaka kununua vitunguu na nyanya, hurudi amekaa juu ya lori, na mzigo huuuza katika soko la Konyo Konyo. Baba wa mtoto tusimzungumzie, karatasi itaisha bure. Barabara ya Nimule mnaijua. Asiyeijua nitamwambia: ina lami, na ziko siku watu wenye bunduki hutoka porini wakasimamisha magari. Siku nyingi hawatoki. Shida ni kwamba hawatangazi.

Sasa lazima mjue jambo moja la kwetu. Hadithi ni kitu cha giza. Jua likiwa juu hakuna fisi wala sungura, kuna kuni, maji na jembe. Kuku wakishaingia ndani na kulala, ndipo mtu anafungua mdomo kusimulia. Mama yangu alituambia kwamba anayesimulia hadithi mchana, mama yake hupotea njiani akirudi nyumbani. Nami nikawaambia wanangu, na mjukuu wangu nikamwambia, kwa sauti ile ile. Je, ni kweli? Sijui. Sijajaribu, na sitajaribu.

Katika kiwanja changu kuna chumba nilichompangisha kijana kutoka Uganda, mwalimu. Alikuja wakati nchi yetu ilipoingia katika umoja na majirani wa mashariki, na ghafla kila mtu akaambiwa ajue Kiswahili. Sisi tuliotukanwa kwa Kiswahili miaka yote ile ya ukimbizi tukaambiwa sasa ni lugha ya maendeleo. Kijana mwenyewe si mbaya. Ana adabu, ananiita haboba, yaani bibi, kama wanavyoniita wote hapa. Ana mashati meupe sana. Akili nazo anazo, ila huzipiga pasi kwanza kabla hajazitumia.

Somo lake liliitwa Hadithi na Msamiati. Lililipiwa na ofisi moja ya wafadhili huko mtaa wa Hai Amarat, mojawapo ya zile zenye geti refu na jenereta isiyonyamaza. Nilipita siku moja na karanga zangu, nikasimama dirishani kusikiliza. Mwalimu alisema, "Fisi alijificha kichakani." Akasimama. "Kichaka ni nini?" Watoto wakaandika kichaka. Wakakiandika tena katika sentensi. Wakakichora. Mpaka wanamaliza, fisi mwenye njaa ya kweli angekuwa ameshakula mbuzi wawili na kwenda kunywa maji.

Mwisho wa kila hadithi mwalimu huuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Darasa zima hujibu, "Umoja na amani!" Niliambiwa hujibu hivyo kila siku, kwa hadithi zote, za kobe, za mamba, hata ile ya mwanamke mchoyo aliyejificha na sufuria yake akaungua midomo. Umoja na amani. Watoto wa Juba si wajinga. Wamegundua jibu ambalo hakuna mtu mzima anayethubutu kulitia alama ya makosa.

Jioni moja nikamwuliza mjukuu, "Leo fisi amemla nani?"

"Hakula mtu, haboba. Ofisi imesema watoto wa nchi hii tumeona mengi, fisi asile mtu."

"Sasa akafanya nini?"

"Aliitwa kwenye mkutano na wanyama wote. Akaomba msamaha. Wakampa kiti kwenye kamati."

"Kamati ya nini?"

"Ya chakula."

Niliweka mwiko chini. Nilicheka mpaka jirani akauliza kwa Kiarabu chetu cha Juba kama kuna msiba. Nikamwambia mtoto, "Hiyo si hadithi, mwanangu. Hiyo ni habari."

Basi nikasema mtoto wa nyumba hii hawezi kulala na fisi wa kamati tumboni. Kuku walipolala nikampa fisi mwenyewe. Nilimpa ile ya mama aliyekuwa akiwaacha watoto wake ndani, mlango umefungwa, akienda shambani mbali. Akirudi, hukohoa kwanza kwa vumbi la njia, kisha huita, "Fungueni, ni mimi." Fisi akakaa nyuma ya ua siku nyingi akijifunza kikohozi kile. Fisi wengine wakamcheka, wakasema badala ya kuwinda anaumwa kifua. Hakuwajali. Alikohoa mpaka akapatia.

Mjukuu wangu aliishika hadithi ile. Msimamo ule wa fisi, shingo mbele, sikio moja juu, aliufanya mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mwalimu alimwona akiwasimulia wadogo zake jioni hapo uani, akasimama na beseni lake la kufulia, maji yanammwagikia miguuni, na hakujua.

"Haboba," akasema, "wageni wanakuja kutoka Amarat kuona somo. Wakiridhika, wataendelea nalo. Wasiporidhika mimi narudi kwetu. Huyu ndiye atasimulia."

Mtoto alifurahi jioni moja nzima. Alifua sare, akaianika, akaianua, akaianika tena. Asubuhi akaambiwa wageni watafika saa nne asubuhi, Ijumaa. Furaha ikamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, maana Ijumaa ndiyo siku mama yake alikuwa arudi kutoka Nimule.

Akaja kwangu. "Haboba, sitaki tena."

"Mwambie mwalimu, si mimi."

Mwalimu akaja mwenyewe, tai shingoni. "Haboba, hiyo ni imani ya zamani. Tuko karne nyingine sasa."

"Kweli," nikasema. "Na nikipitisha ufagio juu ya miguu yako, mbona unaruka kama mbuzi?"

"Hilo ni jambo lingine kabisa, haboba. Mimi bado sijaoa."

Tukatazamana. Akakaa chini, akafikiri, na hapo ndipo akili zile zilizopigwa pasi zikatoka zimenyooka. Akasema, "Wewe ulisema hadithi inataka giza. Hukusema giza liletwe na nani. Tukiziba madirisha ya darasa kwa maturubai, ndani kutakuwa usiku."

Nilipaswa kumfukuza kwa ufagio ule ule. Lakini nilikuwa nimeulizwa ushauri na mtu mwenye tai, na hilo humharibu mtu mzima kuliko pombe. Nikakunja uso kama hakimu. Nikasema, "Kwetu kipimo si giza, ni kuku. Kuku wakilala, ni usiku. Wasipolala, ni mchana, hata ukifunika dunia nzima."

"Basi tutaleta kuku," akasema.

"Wangu?"

"Nani mwingine ana kuku wanaojua desturi?"

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza watu wazima wawili wakipatana kuhusu usiku. Akauliza polepole, "Na huko barabarani alipo mama, kutakuwa giza pia au jua?"

Mwalimu akanyoosha tai yake. Mimi nikamwambia akapige pasi sare yake.

Ijumaa ikafika. Kilikuwa kiangazi, joto lile ambalo hata mbuzi hupita upande wenye kivuli bila kuambiwa. Darasa lina paa la mabati. Juu ya mabati hayo wakatandaza maturubai kuziba matundu, na madirishani wakafunga mengine, na mlangoni moja. Ndani wakawekwa wanafunzi wote wa darasa la saba, wageni, mimi kwenye kiti cha mbele na jina jipya, Mlezi wa Utamaduni, na kuku wangu watatu na jogoo chini ya tenga. Mama aliyeongoza wageni alikuwa na chupa ya maji aliyoishika kama mtoto mchanga. Alikuja na kijana wa kamera. Dereva wao alibaki ndani ya gari, injini inaunguruma, ubaridi unampepea. Nilimwonea wivu hadharani.

Tulingoja. Jasho lilikuwa linadondoka, tunalisikia. Mwalimu alimulika tenga kwa tochi mara kwa mara, na mama yule wa Amarat akaniuliza kupitia kwa mwalimu tunangoja nini. Nikasema tunangoja kuku. Akaandika. Kuku wa kwanza akainamisha shingo, wa pili, wa tatu. Jogoo akabisha kidogo, jogoo ndivyo walivyo, kisha naye akafumba macho.

"Kalas, basi," nikasema. "Wamelala. Anza."

Akaanza. Nawaambia, darasa lilisahau joto. Hakuna aliyeandika kichaka. Alipofika pale fisi anaposogea mlangoni usiku, watoto wa mbele walikunja miguu. Akasema, "Fisi akakohoa." Akakohoa. "Akaita: Fungueni, ni mimi..."

Hapo kijana wa kamera alikuwa ameshajaribu picha zake zote, na katika zote tulikuwa weusi tii bila sura. Akaona turubai la dirishani limefungwa kwa kamba moja tu. Akalivuta.

Jua likaingia kama lori. Jogoo akafumbua macho, akasimama ndani ya tenga, akawika. Aliwika kwa nguvu zote, kama mtu aliyechelewa kazini.

Mjukuu wangu akafunga mdomo.

"Endelea," mwalimu akanong'ona.

"Kumekucha," akasema, akaenda kukaa.

Alibembelezwa, akaonyeshwa peremende. Alikaa akitazama mikono yake. Mimi nilijua anachokiona: hadithi imesemwa mchana, na hadithi haijaisha, na juu ya lori fulani mahali fulani mama yake amekaa juu ya magunia. Mwalimu akajifuta jasho, akawageukia wageni, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba hadithi imekatishwa makusudi, ni njia ya kumfanya mwanafunzi afikiri akiwa nyumbani. Mama yule akafurahi sana. Akaandika tena. Kisha akauliza kwa Kiswahili alichojifunza njiani, "Hadithi hii inatufundisha nini?"

"Umoja na amani!" darasa likajibu, fisi bado yuko mlangoni.

Wakapiga makofi, wakaondoka.

Nyumbani mtoto alimpigia mama yake simu. Mashine ikamjibu kwamba namba haipatikani. Akapiga tena. Hakula. Alikaa karibu na geti letu la mabati, magoti yamegusa kidevu, na sare yake ile safi akaikalisha mavumbini.

Mimi nilikwenda kando ya barabara kununua mkaa. Mkaa tulikuwa nao gunia zima, lakini nilikwenda kununua mkaa. Malori ya Nimule husimama hapo kabla ya kuvuka daraja la kuingia mjini. Nikachagua mkaa polepole, kipande kwa kipande, mpaka mwenye mkaa akaniuliza kama natafuta almasi. Lori moja likafika, utingo akaruka chini. Nikamwuliza njia ikoje.

"Iko sawa tu, mama. Lakini magari ingine imesimama huko nyuma."

"Imesimama kwa nini?"

"Mimi hapana jua. Sisi tulipita tu, mama. Huko mtu haulizi."

Nikarudi nyumbani na mkaa nisiouhitaji. Mtoto akanitazama usoni. Nikamwambia mkaa umepanda bei. Ndilo nililoweza.

Jua lilipoanza kushuka nikasikia miguu mingi. Nikafungua geti nikalikuta darasa la saba, karibu lote, na nyuma yao mwalimu bila tai.

"Nyinyi hamna kwenu?" nikawauliza.

Msichana mmoja mwenye mdomo akasema, "Malesh, haboba, utusamehe. Tumekuja kujua kama walifungua mlango."

"Nimewaambia warudi nyumbani," mwalimu akasema. "Hawataki. Na mimi, haboba... mimi pia ningependa kujua."

Kuku wangu waliingia wenyewe siku hiyo, bila turubai, wakapanda kwenye kijiti chao, wakalala. Giza lilikuwa linaingia kwa miguu yake. Nikafunga geti kwa komeo. Nikamwita mjukuu.

"Malizia."

"Sitaki. Mama hajafika."

"Umemwacha fisi mlangoni tangu asubuhi," nikamwambia. "Unataka mama yako aje amkute hapo?"

Hilo alilielewa. Akainuka, akajifuta uso kwa kiganja, akasimama katikati ya ua. Watoto wakakaa chini wakibanana. Akaanzia pale pale alipoachia. Shingo mbele, sikio juu.

"Fisi akakohoa."

Nje ya geti, mtu akakohoa.

Kisha sauti ikasema, "Fungueni, ni mimi."

"Usifungue!" Darasa zima lililipuka. "Usifungue! Ni yeye!" Wengine walipanda juu ya wengine. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya mtungi wangu wa maji, na mtungi si ngazi, ukapasuka. Geti likagongwa. "Nyinyi nani humo? Fungueni, nimechoka!"

Mjukuu hadithi alikuwa nayo mkononi, na katika hadithi mtoto mkubwa wa yule mama hafungui hivi hivi. Huuliza swali. Akasogea getini akauliza kwa sauti yote:

"Kama wewe ni mama, niambie leo nimekosea nini?"

Maana fisi, akiulizwa hivyo, hujibu kwa utamu, "Hujakosea kitu, mwanangu mzuri," na watoto wanajua papo hapo. Basi sote tukatega masikio, mimi pia.

"Umekosea nini?" sauti ikafoka. "Nguo ziko kwenye kamba mpaka saa hizi, nazichungulia hapa! Ndoo mmeiacha nje ya geti, mbuzi wa watu anakunywa! Na kelele gani hizo, na nani kavunja kitu humo ndani? Ewe binti, mimi nimetoka Nimule na wewe unanifanyia mtihani?"

"Ni mama!" darasa likapiga kelele. "Fungua! Ni mama kweli!"

Alifungua mwenyewe. Sijui komeo alilivuta au alilivunja.

Binti yangu aliingia amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, mtoto amemng'ang'ania kiunoni hawezi kutembea, akatazama umati ule uliokaa uani kwake. Akasema tu, "Nileteeni maji." Maji yalikuwa yametapakaa chini. Akakaa kwenye kigoda kando ya kinu, akavua viatu, akakung'uta mchanga wa njia nzima. Mtoto alivichukua viatu vile akavipakata.

"Magari yalisimama kwa nini?" nikamwuliza.

"Gurudumu letu lilipasuka, tukaziba njia."

"Lini?"

"Asubuhi. Saa nne, saa nne na kitu."

Mwalimu alitazama miguu yake kama ufagio umempitia.

Mambo ya baadaye ni mafupi. Ofisi ya Amarat iliandika sifa nyingi. Somo likaendelea, mwalimu akabaki na bado namwona akipiga pasi. Shule ilipewa maturubai mapya. Kukatisha hadithi katikati sasa ni mbinu, inafundishwa kwa walimu wengine, na nasikia kuna shule zimeombewa jogoo. Fisi yuko kwenye kamati yake mpaka leo.

Lakini jioni ile, kabla watoto hawajaenda kwao, mimi nilisimama na kutoa amri kwa nyumba yangu, binti, mjukuu na mpangaji, na sijaibadilisha:

"Kuanzia leo kuku kulala hakutoshi. Hapa hadithi haianzi mpaka kila wa nyumba hii aliye njiani amefika na kuvua viatu. Mwalimu, wasindikize watoto hawa kwao, mmoja mmoja, mpaka mlangoni, kisha kesho uniletee mtungi. Na wewe, rudisha viatu vya mama yako, uanue nguo."